Kuua kwa Kundi: Nani Atajibu?

Tuanze na kesi moja ya zamiri, kama tulivyozoea katika masomo ya morali. Ni usiku, katika kartye moja ya Lubumbashi. Watu wanapiga yowe: «Mwizi!» Kijana mumoja anakamatwa. Petro anapanda juu ya kiti na kusema: «Tumuchome!» Yoane anakimbia nyumbani kwake kuleta chupa ya esanse, naye anajua ni ya kazi gani. Andrea anatupa jiwe moja. Filipo anasimama na kutazama. Kesho yake polisi inauliza: Nani amemuua? Jibu ni moja tu: «Ni raia.» Siku ya Mungu inayofuata, Andrea anamufikia katekista: «Nilitupa jiwe moja tu, na watu walikuwa wengi. Je, naweza kuwa baba wa ubatizo wa mutoto wa ndugu yangu?»

Kesi hii tumeitunga, lakini mambo yake si mageni kwetu.

Watu wengi wanafikiri kwamba kosa la kundi linagawanywa kama mukate: wenye kula wakiwa wengi, kipande cha kila mumoja ni kidogo. Hilo ni kosa la kwanza. Wengine wanafikiri kwamba kundi lote lina hatia, na kwa hiyo ukimukamata mutu yeyote wa kartye ile au wa kabila lile, haki imetendeka. Hilo ni kosa la pili, nalo limezaa vita vingi.

Sheria ya inchi inakataa yote mawili. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 17, inaagiza kwamba kila mutu atajibu kwa kosa lake mwenyewe. Hakuna mwenye kuhukumiwa kwa tendo la mwingine. Lakini tendo lake ni lipi? Kitabu cha sheria za makosa cha mwaka 1940, ambacho kingali kinatumika pamoja na mageuzi yake, kinapambanua jambo hilo katika vifungu 21 mpaka 23. Watendaji ni wale wenye kufanya kosa kwa mikono yao, na wale wenye kutoa musaada ambao bila huo kosa lisingewezekana. Tena ni wale wenye kusukuma wengine moja kwa moja kwa zawadi, kwa ahadi, kwa vitisho, au kwa maneno yaliyosemwa mbele ya watu. Wasaidizi ni wale wenye kutoa mashauri, silaha au vyombo, wakijua vitatumika kwa nini, au wenye kusaidia kwa njia ingine isiyokuwa ya lazima. Azabu ya musaidizi ni ndogo kuliko ile ya mutendaji.

Basi Petro, hata kama hakugusa jiwe, ni mutendaji. Yoane ni mutendaji ikiwa bila esanse yake kijana asingechomwa. Kama sivyo, ni musaidizi. Andrea alitenda kwa mukono wake, wala hawezi kujificha nyuma ya mawe ya wengine. Na Filipo? Kuwa pale tu si kushiriki. Lakini sheria inaazibu pia yule aliyeweza kuzuia ubaya ule bila hatari, akaacha kwa kusudi.

Je, kupatana tu kunatosha? Katika sheria ya Waingereza, watu wawili wakipatana kuua, mapatano yenyewe ni kosa tayari. Kwetu, kwa kawaida, kosa lifanyike au lianzwe kwanza. Lakini kundi lililoundwa kwa kusudi la kushambulia watu au mali ni kosa tangu kuundwa kwake. Ndivyo kinavyosema kifungu cha 156.

Tutazame sasa kesi mbili za kweli. Tarehe 24 februari 2003 wapiganaji walishambulia Bogoro, katika Ituri, wakaua raia wengi. Watu wawili walishitakiwa mbele ya Tribinali ya Kimataifa ya La Haye. Mathieu Ngudjolo aliachiliwa tarehe 18 desemba 2012, kwa sababu ushuhuda haukutosha kuondoa shaka. Germain Katanga alihukumiwa tarehe 7 machi 2014, akapata miaka 12. Waamuzi hawakusema kwamba aliua kwa mukono wake. Walisema alisaidia kundi lenye kusudi moja la ubaya, hasa kwa kugawanya silaha, akijua kusudi lile. Shambulio moja, tribinali moja, hukumu mbili: kila mutu alipimwa peke yake.

Karibu nasi, nyuma ya mauaji ya Kilwa ya oktoba 2004, tribinali ya kijeshi ya Lubumbashi ilisikiliza mashitaka juu ya askari na juu ya wafanyakazi 3 wa kompanyi ya madini Anvil Mining, maana jeshi lilitumia motokari za kompanyi ile. Wafanyakazi wale waliachiliwa tarehe 28 juni 2007. Swali lilikuwa sawa na lile la esanse ya Yoane: mwenye kutoa chombo alijua nini, na alitaka nini?

Maandiko Matakatifu yanafundisha vilevile. Daudi hakushika upanga juu ya Uria, aliandika barua. Saulo hakumutupia Stefano jiwe; alilinda nguo za wenye kutupa, na moyo wake ulikubali. Nyuma yake alikiri jambo lile mbele ya watu, bila kujitetea kwamba alikuwa mulinzi wa nguo tu. Na Sheria ya Eklezya, katika kanoni 1041, inawazuia kupokea Daraja takatifu wenye kuua kwa kusudi, na pia wote walioshiriki kwa tendo. Waseminari wakumbuke kwamba ruhusa ya kuondoa kizuizi hicho ni ya Kiti kitakatifu.

Basi katekista atamujibu Andrea nini? Asimwambie: «Si kitu, mulikuwa wengi.» Asimwambie tena: «Umepotea.» Yeye si mwamuzi wala muungamishi, amupeleke kwa padri, na mambo ya ubatizo yangoje kwanza. Padri amuulize maneno matatu: Ulitenda nini? Ulijua nini? Ulitaka nini? Siri ya ungamo haivunjwi kamwe, lakini majuto ya kweli yanatafuta malipizi: kijana yule alikuwa na mama, pengine na muke na watoto, na hao wanakula nini leo?

Tena tusingoje mpaka damu imwagike. Tuwafundishe wakristu wetu, katika mikutano ya jumuiya na katika mahubiri, kwamba mutu mumoja mwenye kusema kwa nguvu «Tumupeleke kwa polisi» anaweza kugeuza kundi zima, kama vile Petro alivyoligeuza kwa neno moja. Polisi waliambiwa: «Ni raia.» Lakini mbele ya Mungu hakuna mutu mwenye jina hilo. Kila mumoja ataitwa kwa jina lake la ubatizo.