Michezo ya kompyuta: pumziko la mfanyakazi au kazi ya pili?

Itajwapo michezo ya kompyuta katika nyumba nyingi, wazazi hukunja uso. Fikra huenda moja kwa moja kwenye bunduki, damu, magari yanayogongana na kijana aliyekesha huku masomo yakimngoja. Michezo ya namna hiyo ipo, tena mingi, na imekwisha kuandikwa vya kutosha. Leo napenda tuizungumzie jamii nyingine ya michezo, isiyo na makelele, ambayo pengine wewe mwenyewe unaicheza ndani ya daladala bila ya kujua inaitwaje. Baadhi yake naipenda sana na mingine naichukia, na sababu zangu zinahusu mambo mawili ambayo kila mfanyakazi huyahesabu: saa zake na fedha zake.

Jamii hiyo ina matawi matatu yaliyosokotana. Iko michezo ya waundaji wa kujitegemea, yaani ile iliyotengenezwa na mtu mmoja au kikundi kidogo kisichokuwa chini ya kampuni kubwa. Iko michezo ya uigaji, ambayo humkabidhi mchezaji shamba, lori, mji au ofisi, naye akaviendesha kana kwamba ni vya kweli. Na iko michezo ya kujiendea, ambayo hujicheza yenyewe.

Tuanze na hiyo ya mwisho, kwa kuwa ndiyo isiyoaminika kwa mtu aisikiaye mara ya kwanza. Mwaka 2002 Eric Fredricksen alitoa mchezo uitwao Progress Quest. Mchezaji humchagulia shujaa wake jina na kabila, kisha hana la kufanya tena. Shujaa huenda kupigana, hushinda, huuza ngawira, hununua silaha bora zaidi, na mwenye kompyuta kazi yake ni kutazama mistari ikijaa kwenye kioo. Ulikuwa mzaha, wa kuwacheka watu waliokesha kwenye michezo mikubwa ya mashujaa wakiyafanya yale yale kwa mikono yao wenyewe. Lakini mzaha huo ulipata wajukuu.

Mashuhuri miongoni mwao ni Cookie Clicker, uliotolewa Agosti 2013 na Mfaransa Julien Thiennot, ajulikanaye zaidi kwa jina la Orteil. Mbele yako pana biskuti moja kubwa. Ukiibofya unapata biskuti moja. Ukifikisha 15 unanunua kidole cha kukubofyia. Ukifikisha 100 unanunua bibi mzee wa kukuokea, naye hutoa biskuti moja kila sekunde. Ukifikisha 1,100 unanunua shamba la biskuti. Baadaye huja migodi, viwanda, mabenki na hata mahekalu, yote yakizalisha biskuti, hata wewe ukiwa umelala.

Siri ya mchezo huu ni hesabu. Kila ununuapo kitu, bei ya kingine cha aina ile ile hupanda kwa asilimia 15. Asilimia 15 ni neno dogo masikioni, lakini hebu chukua kalamu na karatasi. Baada ya manunuzi matano bei imezidi maradufu, na bibi wa 50, ambaye mwenzake wa kwanza ulimpata kwa biskuti 100, anakugharimu zaidi ya biskuti 94,000. Aliyewahi kukopa fedha kwa riba inayozaa riba atalitambua jambo hili upesi. Mimi binafsi sijaona kitabu cha hesabu kinachouonyesha ukuaji wa namna hiyo waziwazi kama wale mabibi wa biskuti. Kwa hiyo nauheshimu mchezo huo, na ningemruhusu mtoto wa darasa la saba aucheze kwa wiki moja, daftari likiwa pembeni. Wiki ikiisha, mchezo umekwisha kutoa ulichokuwa nacho. Kinachobaki ni tarakimu kuzidi kurefuka.

Linganisha na bao letu. Kete zote ni 64 tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna inayozaliwa wala inayokufa, zinahama tu. Unachokipata kimetoka kwa mwenzio aliyeketi mbele yako, tena mwenzio huyo atakucheka ukikosea. Kwenye biskuti hakuna wa kukucheka, na kwangu mimi huo ni upungufu mkubwa.

Sasa tuje kwenye upande unaonikera. Juni 2009 kampuni ya Zynga ya Marekani ilitoa mchezo wa shamba uitwao FarmVille, ukichezwa ndani ya Facebook. Mapema mwaka 2010 ulikuwa na wachezaji zaidi ya milioni 80 kwa mwezi. Kucheza kulikuwa bure, ila mazao yalinyauka usiporudi kwa wakati. Shamba ndilo lililompangia mkulima saa: mtu aliamka usiku, au aliacha kazi mchana, ili avune jordgubbar zisizolika. Asiyetaka kungoja aliweza kulipa fedha za kweli. FarmVille ya Facebook ilifungwa siku ya mwisho ya mwaka 2020, lakini mbinu zake ziliwahi kuhamia kwenye simu, na huko zingali hai.

Profesa mmoja wa Marekani, Ian Bogost, alikereka nao akaamua kuuigiza kwa kejeli. Julai 2010 alitoa Cow Clicker. Unapewa ng'ombe, unamgusa mara moja, kisha unangoja saa sita ndipo umguse tena. Basi, hakuna la zaidi. Kama huwezi kungoja, lipa. Alidhani watu wangecheka na kwenda zao. La hasha! Maelfu walihamia humo, wengine wakanunua ng'ombe wa mapambo kwa fedha zao halali. Septemba 2011 Bogost aliwaondoa ng'ombe wote, pakabaki mahali patupu, na mchezo ukaendelea kuwaruhusu watu kuligusa lile pengo. Nadhani hakuna hotuba ingeweza kuisema habari hii vizuri zaidi.

Usidhani, ndugu msomaji, kwamba hayo ni mambo ya wapuuzi wa mbali. Januari 2014 kampuni ya Apple ilikubaliana na tume ya serikali ya Marekani inayolinda wanunuzi kwamba itawarudishia watu fedha zisizopungua dola milioni 32.5, kwa sababu watoto walikuwa wakinunua vitu ndani ya michezo bila ya wazazi kuridhia. Mwaka huo huo Google nayo ilikubali kurudisha zisizopungua dola milioni 19. Mtoto hakuwa mwizi. Aligusa picha ya kito chenye kumetameta, na kito hicho kilikuwa na bei. Kabla hujamwachia mwanao simu ili upate kupika au kupumzika, fungua mipangilio yake uweke neno la siri kwenye manunuzi, na simu iliyounganishwa na fedha zako usimwachie kabisa.

Hata asiyelipa hulipa kwa njia nyingine. Mchezo mmoja wa kujiendea niliouweka kwenye simu yangu ulinitaka, kila niufunguapo, nitazame tangazo la nusu dakika ili nipewe maradufu ya kile nilichokuwa "nimekichuma" usingizini. Niliufuta siku ya tatu. Kifurushi cha intaneti nilichokilipia mimi kilikuwa kikitumika kuniletea matangazo ya bidhaa za mtu mwingine.

Kwa bahati njema liko shamba la namna nyingine. Eric Barone, kijana wa Seattle aliyemaliza masomo ya kompyuta na kukosa kazi, alikaa zaidi ya miaka minne akitengeneza mchezo mmoja peke yake: programu, picha, muziki na maneno. Katika miaka hiyo alifanya kazi ya muda ya kuwaonyesha watu viti vyao katika ukumbi wa michezo ya jukwaani. Februari 2016 mchezo wake, Stardew Valley, ulitoka. Kufikia Desemba 2024 nakala zaidi ya milioni 41 zilikuwa zimekwisha kuuzwa. Unalipa mara moja tu, na nyongeza zake kubwa zote amezitoa bure.

Mhusika wake mkuu ni karani wa kampuni kubwa, aliyechoka, anayeifungua barua aliyoachiwa na babu yake na kukuta humo hati ya shamba. Anaanza na mbegu 15 za mzizi unaofanana na karoti nyeupe, ambazo hukomaa kwa siku nne. Mvua ikinyesha hana haja ya kumwagilia. Kunguru wapo, na sanamu za kuwatishia zipo. Aliyelima kwa jembe la mkono atatabasamu, maana hapa hakuna nguruwe mwitu wala mgongo unaouma. Hata hivyo nguvu za mkulima zina kikomo, zikimwishia huzimia, na kila siku humalizika kwa dakika 14 hivi za saa yetu. Ukikaa wiki mbili bila ya kuufungua, hakuna kitakachonyauka: shamba hukungoja pale pale ulipoliacha. Hiyo ndiyo tofauti yote kati yake na lile la Zynga, na ndiyo sababu naweza kuucheza baada ya zamu na bado nikaamka mapema.

Katika michezo ya uigaji, wengi huushangaa ule wa malori, Euro Truck Simulator 2, uliotoka Oktoba 2012 kutoka mji wa Prague. Unapakia shehena, unaendesha barabara za Ulaya, unalala ukichoka, unatozwa faini ukipita taa nyekundu. Dereva wa kweli atauliza: hilo nalo pumziko? Nami namjibu kwamba huko barabara haina mashimo, na mzigo hulipwa siku ile ile ufikapo.

Lakini ukiniuliza nibaki na mmoja tu, nitataja Papers, Please, alioutengeneza Lucas Pope, Mmarekani aliyekuwa akiishi Japani, na kuutoa Agosti 2013. Ni mwaka 1982 katika nchi ya kubuni iitwayo Arstotzka. Wewe ni ofisa uhamiaji mpakani. Msururu ni mrefu, kibanda ni chembamba, na masharti hubadilika karibu kila asubuhi. Unalipwa kwa idadi ya watu uliowahudumia sawasawa. Makosa mawili ya kwanza kwa siku huishia kwenye onyo. Kuanzia la tatu unakatwa fedha. Jioni unapewa orodha: kodi ya nyumba, chakula, gharama ya kupasha nyumba joto, na dawa za mtoto ikiwa ameugua. Mara nyingi fedha hazitoshi vyote, na ni wewe unayechagua nyumba ilale njaa au ilale na baridi.

Siku moja hupita mwanamume mwenye hati zilizokamilika. Kabla ya kuondoka anakuomba umwonee huruma mkewe, aliye nyuma yake. Mke anafika, pasipoti anayo, kibali cha kuingia hana, na anasema akirudishwa atauawa. Nimeucheza mchezo huo mara tatu. Mara zote tatu nilimgongea muhuri wa kijani, na mara zote tatu karatasi ya onyo ilianza kutoka kwenye mashine akiwa ndiyo kwanza amekipa mgongo kibanda changu.