Homa Ipi, Mwalimu?

Mwanafunzi wa Kenya akipiga chafya mara mbili husema, "Nina homa." Mtanzania akiyasikia maneno hayo humgusa paji la uso, kwani kwake homa ni joto la mwili. Tofauti hiyo ingetufurahisha sisi wanaisimu tu lau neno lenyewe lisingebebeshwa maradhi chungu nzima: homa ya malaria, homa ya matumbo, homa ya manjano. Majina yakichanganyika, dawa nazo huchanganyika.

Mafua ya kawaida huja polepole, kwa kamasi na koo kuwasha, na mgonjwa aghalabu huendelea na shughuli zake. Influenza, yaani homa ya mafua, hushuka ghafla: joto kali, kutetemeka, kichwa na maungo kuuma, kikohozi kikavu. Jina hilo ni la Kiitaliano, nalo lilitokana na dhana kwamba nyota ndizo zilizowaathiri watu. Virusi vyake vilitambuliwa kwa binadamu mwaka 1933. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 290,000 na 650,000 hufa kutokana na matatizo ya kupumua yanayoletwa na ugonjwa huu.

Maadamu chanzo ni virusi, viuavijasumu havifui dafu, isipokuwa daktari akigundua maambukizi ya bakteria yaliyofuatia, kama vile nimonia. Ajabu ni kwamba wapo wanaogawiana bwenini vidonge vilivyosalia vya mgonjwa mwingine! Wengine humeza dawa za malaria bila kupimwa damu, ilhali joto la maradhi haya mawili hufanana. Wengi hupona kwa mapumziko, maji na parasetamoli. Watoto wasipewe aspirini, kwani huweza kudhuru ini na ubongo. Anayepumua kwa shida au kuchanganyikiwa apelekwe hospitalini mara moja. Wajawazito, wazee na wenye pumu wasingoje hali izidi, kwa sababu dawa za kupambana na virusi hivyo hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 48.

Chanjo ipo, nayo hurudiwa kila mwaka kwa kuwa virusi hubadilika. Lakini baridi ya Julai ikiingia, madirisha ya mabweni hufungwa kabisa, na mgonjwa huanza kuambukiza wenziwe takriban siku moja kabla ya dalili. Madirisha yafunguliwe, mikono ioshwe kwa sabuni. Naye mwalimu wa zamu anayemlazimisha mwenye joto kuhudhuria masomo ya alfajiri ahesabu kwanza wanaoketi karibu na dawati lake.