Kitambulisho Chako Kimeandikwa Wapi?

Hebu tuhesabu. Wiki hii namba ya kitambulisho chako imeandikwa na watu wangapi usiowajua? Ukiingia jumba la ofisi mjini, bawabu ana kitabu chake. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 tumezoea pia kitabu cha ajenti, na wa nyuma kwenye foleni alisoma cha aliyemtangulia. Ukipiga kopi, ile iliyoharibika unaiacha palepale kaunta.

Wengine husema, "Mimi sina pesa, wataniibia nini?" Jina lako! Juni 2021 Wakenya wengi walipotazama rekodi za Msajili wa Vyama vya Siasa walijikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye laini ya simu. Tapeli mwenye jina lako kamili na namba ya kitambulisho hujifanya ni wewe, ati simu imepotea, akapewa laini mpya yenye namba yako. Simu yako inakosa mtandao papo hapo. Wewe unadhani ni kawaida, unangoja, kumbe mwenzako anatafuta namba yako ya siri. Mara nyingi huwa ameshaiomba mapema, kwa adabu nyingi, akijiita mtu wa Safaricom. Safaricom hupiga kwa 0722 000 000 tu, wala haiulizi namba ya siri.

Wazee wetu nao humpa mjukuu simu awatolee pesa, na namba wanaitaja kwa sauti mbele ya watu. Hatuwalaumu, macho yamechoka. Lakini mjukuu aambiwe sikioni.

Basi, mtandao ukikatika na jirani anao, azima simu yake upige 100, kisha benki, kisha uende polisi uandikishe OB. Usingoje kesho. Kabla ya hayo, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na *100*100# ili ajenti asiweze kubadilisha laini yako. Ujumbe wa kitapeli utume 333.

Kutumia utambulisho wa mwingine kwa njia hii ni kosa chini ya sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018: faini hadi shilingi 200,000, au kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili. Na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuuliza kwa nini namba yako inachukuliwa. Uliza, hata kama bawabu atanuna. Ukitoa kopi, andika juu yake tarehe na kazi yake.