Fahali Wawili Zizini: Kuhusu Usimikaji wa Programu ya TLP katika Linux

1. Utangulizi

Mtafiti wa lugha anayenukuu mahojiano mjini Lubumbashi anajua kwamba umeme ukikatika, kazi yake yote hubaki mikononi mwa betri. Mwandishi wa makala haya alijifunza hayo kwa uchungu: kompyuta yake ya kupakata ilizimika katikati ya simulizi ya mzee mmoja, na kurasa ambazo hazijahifadhiwa zikapotea. Alikuwa amesimika TLP, programu ya bure inayopunguza matumizi ya umeme katika Linux, akadhani kwamba kusimika kunatosha.

2. Kuthibitisha

Katika Debian na Ubuntu, programu hiyo husimikwa kwa amri «sudo apt install tlp» na kuanzishwa kwa «sudo tlp start». Kwa kuwa hufanya kazi kimyakimya, ni lazima kuihoji. Amri «sudo tlp-stat -s» huonyesha kama imewezeshwa, ilitekelezwa lini mara ya mwisho, na kama kompyuta inatumia betri au umeme wa ukutani.

3. Mgongano

Matoleo kadhaa ya Linux huja na programu nyingine ya kazi hiyohiyo, iitwayo power-profiles-daemon. Zote mbili huipa prosesa maagizo, na agizo la moja huweza kulifuta la nyingine. Hilo ndilo lililomkuta mwandishi. Wahenga walikwisha kunena kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Anayechagua TLP hana budi kuiondoa ile nyingine, au kuizuia kwa «sudo systemctl mask power-profiles-daemon.service», kisha aiwashe kompyuta upya.

4. Mipangilio

Tangu toleo la 1.3 la mwaka 2020, mipangilio huandikwa katika faili /etc/tlp.conf. Maelezo ya zamani hutaja /etc/default/tlp. Anayeyafuata huenda akahariri faili isiyosomwa tena. Aidha, mstari unaoanza na alama # hautekelezwi: alama hiyo sharti ifutwe, kisha «sudo tlp start» irudiwe. Amri «sudo tlp-stat -c» huonyesha mipangilio inayotumika kweli.

Kifaa cha USB kikilala ovyo, namba yake itafutwe kwa «lsusb» na kuandikwa katika mstari wa USB_DENYLIST.

5. Kikomo cha kuchaji

Baadhi ya kompyuta huruhusu TLP kusimamisha kuchaji betri ifikapo, kwa mfano, asilimia 80, ili idumu miaka mingi zaidi. Ushauri huo unamfaa mwenye umeme wa kudumu. Kwetu sisi una gharama: giza linapoingia, sehemu ya tano ya akiba haipo. Kabla ya safari ya utafiti, «sudo tlp fullcharge» hujaza betri mara moja bila kufuta kikomo.

6. Hitimisho

Atafutaye hitilafu na afuate utaratibu: athibitishe, aondoe mgongano, kisha abadilishe jambo moja kwa wakati mmoja. «sudo tlp-stat -b» ikionyesha kwamba uwezo wa betri umeshuka mno, hakuna programu itakayoiponya. Tena TLP hulinda umeme, hailindi maandishi. Sauti ya mzee imebaki katika kinasa. Kazi ya kuinukuu ilibidi kuanza upya.