Tuma Kabla Maji Hayajafika

Kwa wengi wetu tulio ughaibuni, msaada huanza pale simu inapolia: mto umefurika, mbuzi wamekwenda na maji. Mchango unapitishwa kwenye kundi la familia na pesa inafika siku hiyo hiyo, ila maji yameshatangulia.

Tuutazame Mto Tana, Kenya. Kuanzia mwishoni mwa 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Ukame ukibana, wafugaji husogeza mifugo yao karibu na mto. Oktoba 2022 kipindupindu kikazuka nchini, na Garissa haikusalimika. Mwishoni mwa 2023 zikaja mvua za El Niño. Mto ukafurika, barabara ya Garissa kwenda Nairobi ikakatika. Waliopoteza ng'ombe kwa kiu wakapoteza kilichobaki kwa maji.

Hata hivyo, Agosti 2023 ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha IGAD, kilikuwa kimeshatabiri msimu wa mvua kubwa kuliko kawaida.

Mashirika ya misaada sasa yanatumia utabiri wa namna hiyo kuchukua hatua za mapema. Mambo matatu hukubaliwa kabla: dalili ya kungojewa, fedha zilizotengwa, na nani afanye nini. Dalili ikitimia, fedha hutoka. Bangladesh, Julai 2020, Umoja wa Mataifa ulitoa dola milioni 5.2 kabla mafuriko hayajafika kilele, huku nchi ikipambana na Korona.

Ugumu ni majanga yanapopandana. Kisima kilichochimbwa bondeni kuokoa mifugo wakati wa ukame, kikifunikwa na mafuriko, huweza kueneza kipindupindu. Kwa hiyo mpango wa janga moja lazima uulize: je, lile linalofuata?

Nasi tunaweza kupanga kama familia. Msimu ujao, kabla ya mvua, waulize wazee nyumbani: maji huanza kuingia wapi? Mifugo itahamishiwa mwinuko gani, na kwa gharama gani? Vyeti na vitambulisho vimefungwa kwenye nailoni? Dawa ya kutibu maji ipo? Kisha kubalianeni: idara ya hali ya hewa ikitoa tahadhari, fungu lililotengwa litumwe siku hiyo, bila kungoja kikao.

Nauli ya lori la kuhamisha mbuzi ni ndogo kuliko bei ya kununua kundi jipya.