SOKO LA SAA: Mkanda mpya kwenye saa kongwe ya kuzamia

Mkazi wa Bujora mwenye Rolex Submariner ya miaka ya 1990, anayepanga kushuka Mwanza mjini kutafuta mkanda mpya wa chuma, ana mambo mawili ya kupima kabla ya kutoa fedha: usalama wa saa mkononi na bei yake siku ya kuiuza. Mambo hayo hayaendi pamoja daima.

Usalama. Submariner toleo la 16610, lililotengenezwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 2010, lina uwezo wa kuhimili maji hadi mita 300. Ziwa Victoria, hata penye kina kirefu kabisa, ni mita 80 na kidogo tu. Kwa hiyo saa yenye raba nzima haishindwi na kina cha ziwa. Hatari iko kwenye mkanda: pini ya springi ikichoka au kibanio kikilegea, saa huchomoka mkono unapotumbukizwa majini kando ya mtumbwi, na mwenyewe hana habari.

Mkanda huchakaa kwa pingili kusagana na pini zake, jasho na mchanga vikisaidia. Kipimo ni rahisi. Saa ishikwe kwa ubavu, mkanda ukiwa mlalo hewani. Ukining'inia mno kuelekea chini, umekwisha.

Toleo hilo lilianza na mkanda namba 93150, ambao vipande vyake vya mwisho, vile vinavyoshika masikio ya saa, ni bati lililokunjwa lenye uwazi ndani. Kuanzia mwaka 2000 hivi kiwanda kilileta mkanda namba 93250, wenye vipande vya mwisho vya chuma kizima. Huo ndio unaotamaniwa na wenye saa za awali, kwa kuwa hautikisiki wala kupiga kelele.

Vipimo. Nafasi kati ya masikio ya 16610 ni milimita 20, lakini kipimo hicho peke yake hakitoshi. Mkanda wa toleo la 2010 nao ni wa milimita 20, ila ulichongwa kufuata kasha lenye umbo jingine. Ule wa toleo la 2020 ni milimita 21, hauingii. Hata 93250 ujaribiwe kwenye saa yenyewe kabla ya kulipa, maana kwenye kasha la zamani huenda usikae sawasawa. Fundi akitaka kupiga tupa masikio ili mkanda uingie, akataliwe. Chuma kilichopunguzwa hakirudi, na mnunuzi ajaye ataona.

Bei. Wanunuzi wa saa kongwe hulipia ukamilifu: saa, mkanda wake wa asili, boksi na karatasi. Namba hupigwa kwenye kipande cha mwisho, na alama ya mwaka ndani ya kibanio; anayejua saa hutazama hapo kwanza. Saa ya 1992 yenye mkanda wa 2005 si saa mbovu, lakini muuzaji atatakiwa kueleza, na kila swali la mnunuzi hushusha bei.

Kosa kubwa ni kumwachia fundi mkanda wa zamani kama sehemu ya malipo. Hata uliolegea una soko lake, na ukirudishwa kwenye saa hurudisha bei ya saa nzima. Ufungwe kwenye kitambaa na uwekwe pamoja na karatasi.

Anayebana matumizi aanze na pini mbili mpya za springi, ambazo gharama yake ni ndogo kuliko zote na ndizo zinazozuia hasara kubwa. Kinachofuata ni kukaza pingili za mkanda wa asili. Mkanda mpya uwe hatua ya mwisho, na wa zamani usiuzwe.