Kazi ya Mikono ni Chuo cha Subira

Mkoa wa Ruvuma hutajwa kwa mahindi yake na kwa mashujaa wa Vita vya Maji Maji. Ni wachache wakumbukao kwamba Tunduru, mashariki mwa mkoa huu, ndiko alikozaliwa mchoraji Edward Saidi Tingatinga, mwaka 1932. Kwetu sisi tulioko Mshangano, mjini Songea, na kwa ndugu zetu wa Visiwani, maisha yake yana funzo lisilopitwa na wakati.

Tingatinga hakuwa msomi wa sanaa. Alifanya kibarua katika mashamba ya mkonge huko Tanga, kisha akatumika katika nyumba za watu Dar es Salaam. Ilipokaribia mwaka 1968 alianza kuchora ndege na wanyama juu ya vipande vya mbao za dari, kwa rangi za kawaida za dukani. Alichokuwa nacho alikifanya kuwa chombo. Hiyo ndiyo shukrani ya kweli, kwani kushukuru si kutamka ahsante tu, bali ni kukitumia vema kidogo ulichojaliwa. Alifariki mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliushika ufundi huo, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika.

Ndugu wa Unguja na Pemba hawana haja ya kufundishwa jambo hili. Mama asukaye mkeka huanza kwa kuuchana ukindu, akauanika juani, akauchemsha katika rangi, akasuka ukili pima kwa pima, ndipo akaushona. Kofia ya viua nayo humchukua mshonaji majuma mengi, tundu baada ya tundu. Huku bara, mfinyanzi hukiacha chungu kikauke kivulini kabla ya kukitia motoni, akiharakisha, hupasuka. Kazi hizo hazikubali pupa. Azifanyaye kila siku hujifunza subira bila ya kuhutubiwa, na nyumba yake hupata pambo na riziki pamoja.

Hata hivyo, hatuna budi kusema jambo moja waziwazi. Subira ya fundi isigeuzwe kuwa kisingizio cha kumpunja. Si haki mnunuzi kusifu uzuri wa mkeka uliosukwa kwa majuma kadhaa, kisha akaushindania bei kana kwamba umeokotwa njiani. Wala si haki mchuuzi avune faida, na aliyeumia vidole abakie na sifa. Subira yavuta heri, lakini heri hiyo yapasa imfikie aliyesubiri.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wetu wa Serikali, bara na Visiwani, watende mambo mawili. Kwanza, ofisi zinunue kazi za mafundi wa mahali kwa bei ya haki na kuwalipa bila ya kuwazungusha. Pili, shule zizipe kazi za mikono heshima yake. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka mikono na akili vifunzwe pamoja. Haikukusudia kazi iwe adhabu ya mtoto aliyechelewa.

Mtoto aliyefinyanga chungu chake mwenyewe hatakivunja kwa mchezo, wala hatadharau cha jirani. Huo ndio uraia mwema, nao huanzia viganjani.